Vijitabu vya viuatilifu viwe na alama za picha

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaoandaa vijitabu vya mafunzo ya kunyunyizia viuatilifu: tumieni alama za picha zilezile zilizo kwenye lebo za chupa.

Mkulima aliye shambani, bomba mgongoni, hawezi kupekua aya ndefu akitafuta sentensi inayomwambia avae glavu kabla ya kuchanganya dawa. Mchoro wa glavu, miwani na buti ukiwa kando ya hatua hiyo, ataiona mara moja.

Alama hizo zipo tangu miaka ya 1980, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliposhirikiana na watengenezaji wa viuatilifu kuziandaa. Utepe wa rangi chini ya lebo nao huonyesha ukali wa sumu: nyekundu ndiyo hatari zaidi, kisha njano, buluu na kijani.

Hata hivyo, picha isiachwe bila maneno. Kila alama ibaki na maana moja kitabu kizima, mkufunzi aifafanue, na wakulima waulizwe wanaielewaje kabla ya kuchapisha. Maelekezo yasiyoeleweka hapa yanaweza kudhuru familia nzima.

Mkulima wa nyanya,
Iringa