Mkorosho Hauogopi Chumvi, Lakini Baridi Je?



Kwa muda sasa twasikia katika mikutano ya matawi maneno ya kwamba karafuu imechosha, na afadhali mtu akate mikarafuu yake mikongwe apande mikorosho. Sababu zinazotolewa ni mbili. Ya kwanza ni bei za mnada zinazosikika kutoka Nachingwea na Ruangwa, ambako wakulima huuza pamoja kupitia vyama vyao vya msingi na chama kikuu cha RUNALI. Ya pili ni kuwa mkorosho ni mti usiochagua, huota popote. Ile ya kwanza hatuipingi. Hii ya pili ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Ni kweli mkorosho ni mti wa pwani. Asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha huku katika karne ya 16. Huwa na majani mwaka mzima, hustahimili upepo wa chumvi, na huzaa katika mchanga ambao mkarafuu ungekauka. Lakini si mkoko. Maji yakisimama mizizini hufa. Na wenzetu wa maweni wasidanganyike: mizizi ya mkorosho yataka kwenda chini sana, na penye jiwe karibu ya juu haitapata njia.

Sasa tuje kwenye baridi, jambo ambalo wasifu wa mti huu hawalitaji. Penye sakitu mkorosho mchanga hufa kabisa. Ndiyo maana huuoni Makete, na hata huko Florida, Marekani, huupata kusini kabisa tu. Bwana mmoja atasema: visiwani kwetu sakitu itoke wapi? Haitoki. Wala Nachingwea haitoki. Lakini Nachingwea iko zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini, na miezi ya kipupwe usiku wake hupoa khasa. Miezi hiyo hiyo ndiyo mkorosho hutoa majani mapya na maua. Baridi ile haiui mti, huleta maradhi.

Maradhi hayo huitwa ubwiri unga. Ni ukungu mweupe kama unga, hupenda usiku wa baridi na hewa yenye unyevu, hushika maua nayo yakanyauka kabla ya kufunga tunda. Mti husimama kijani, mzuri wa kutazamwa, na mwenyewe havuni kitu. Katika msimu wa 1973/74 Tanganyika ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Hatusemi ni ubwiri unga peke yake: bei zilikuwa duni, na watu walihamishiwa vijiji vya Ujamaa wakaacha mikorosho yao mbali porini. Lakini maradhi yalikuwa na sehemu kubwa, na waliorudi kwenye mashamba yao walirudi na pampu na salfa mgongoni. Mpaka leo mkulima wa Ruangwa hupulizia dawa msimu baada ya msimu, na salfa ikicheleweshwa, msimu umekwenda. Kwa juhudi hiyo, na kwa miche bora ya watafiti wa Naliendele, mavuno ya nchi yalipita tani 300,000 msimu wa 2017/18.

Nachingwea hiyo hiyo ndiko Waingereza walikokwenda mwishoni mwa miaka ya 1940 na matrekta yao kulima karanga. Walijenga reli kabla ya kujua mvua na udongo vitasemaje. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Mkorosho wa mwananchi, uliopandwa kidogo kidogo, ndio uliobaki.

Rai yetu basi ni hii. Asikatwe mkarafuu hata mmoja kwa ajili ya mkorosho. Udongo mzito wa karafuu una kazi yake. Mwenye mchanga wenye kina karibu na pwani, ambao leo haumpi kitu illa muhogo mwembamba, huyo na apande, kwa miche ya kubebesha na nafasi ya mita 12 kwa 12, wala asibananishe, maana penye kivuli na hewa isiyopita ubwiri unga hukaa raha mustarehe. Usiku wetu wa kipupwe si wa baridi kama wa Nachingwea, na hilo latupa tumaini; lakini unyevu tunao tele.

Na kabla ya kupanda, Halmashauri ya chama ituambie salfa itatoka wapi na kwa bei gani, na nani atanunua korosho ghafi hapa kisiwani. Wenzetu wa bara wana ghala, stakabadhi na mnada. Sisi tuna ghala za karafuu tu.

Wanachama wenye mashamba ya mchanga walio tayari kujaribu robo eka wapeleke majina kwa makatibu wa matawi kabla ya masika, na waandike pia ni mwezi gani mikorosho ya jirani zao hutoa maua.