Mkaguzi Aliyefumba Macho Naye Ashtakiwe

Nyumba nyingi hapa Magogoni, Mombasa, zimesimama kwa mawe ya timbo. Mawe hayo hukatwa na vijana wa vibarua wanaoshinda shimoni bila kofia ngumu wala kinga ya vumbi, msumeno ukizunguka karibu na nyayo zao. Ukuta wa timbo ukiporomoka, maiti huzikwa, mwenye timbo huleta gunia la mchele matangani, na keshoye msumeno hunguruma tena. Huo ni uonevu, na serikali inautazama.

Msituambie hakuna sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ipo tangu 2007. Kifungu cha 6 kinamlazimisha mwenye mahali pa kazi kulinda uhai wa anaowafanyisha kazi. Akikaidi, faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Tajiri ambaye malori yake hayalali ataiandika nusu milioni hiyo daftarini chini ya dizeli, kisha aendelee. Anachokiogopa ni jela, na mahakimu wasione haya kumpeleka.

Lakini kesi haifiki kwa hakimu pasipo mkaguzi. Sheria hiyohiyo imempa afisa wa usalama kazini uwezo wa kuingia, kukagua na kupiga marufuku kazi yenye hatari. Afisa asiyekanyaga timbo, au anayelikanyaga akaondoka na bahasha, damu ya kijana iko mikononi mwake pia.

Anayeona nimezidisha autazame mtaa wa Owino Uhuru, kule Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwalisha wakazi sumu ya risasi hadi kilipofungwa 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi wakashtaki. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na fungu kubwa zaidi la lawama, asilimia 40, likaiangukia NEMA, mamlaka iliyopaswa kukisimamia kiwanda. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha hukumu hiyo 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Basi imeshaamuliwa: asiyekagua ana hatia. Ila fidia ya serikali hutoka kwa mlipa kodi, yaani kwa mama anayeuza mahamri hapa mtaani, wala haimgusi afisa aliyelala.

Kwa hiyo twadai haya. Bunge lifanye kifungo kiwe cha miaka, si miezi, pale uzembe unapoua. Jina la afisa aliyeliidhinisha timbo libandikwe langoni pamoja na tarehe ya ukaguzi. Mtu akifa, afisa huyo asimame kizimbani bega kwa bega na tajiri. Nawe mbunge wetu wa Kisauni, utakaporudi kuomba kura, tutakuuliza jambo moja kwanza: ulifanya nini kuwalinda vijana wetu walioko shimoni?