Kabla ya kutupa simu hiyo kuukuu, iulize uko wapi

Kama una simu kuukuu iliyolala kwenye droo, hauko peke yako. Januari 2025 WhatsApp iliziaga simu za Android 4.4, na baadaye mwaka huo huo ikaziaga iPhone zisizofika iOS 15.1. Hapa Kenya, simu isiyo na WhatsApp ni kama sufuria iliyotoboka. Watu huiweka kando, humpa mdogo wao achezee gemu, au humpelekea fundi pale Luthuli Avenue ang'oe vipuri.

Wakati huo huo, kuna swali ambalo vijana wamekuwa wakiulizana tangu maandamano ya Juni 2024: walijuaje alikuwa wapi? Kufikia mwishoni mwa Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji nyara tangu mwezi huo wa Juni. Wengi walinyooshea simu kidole cha lawama. Safaricom ilikana, ikisema kwamba haitoi data za wateja isipokuwa kwa amri ya korti. Ubishi ukapamba moto na hadi leo haujazimika.

Lakini hebu usikilize ubishi huo kwa makini. Mmoja atakwambia, "Zima lokesheni, hawatakuona." Mwingine atasema setilaiti zinakuona hata ukijificha chini ya kitanda. Wote wawili wamekosea. Uzuri ni kwamba huhitaji kuniamini mimi. Ile simu ya kwenye droo, pamoja na mistari michache ya Python, itakuonyesha.

Setilaiti haikujui

Tuanze na GPS. Setilaiti zake, zisizopungua 24, zinaendeshwa na Marekani na ziko takriban kilomita 20,200 juu yetu. Kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Simu husikiliza angalau nne, hulinganisha muda ambao mawimbi ya kila moja yamechukua kufika, kisha hupiga hesabu ya mahali ilipo.

Umeona hapo? Simu haijatuma kitu chochote juu. Imesikiliza tu. Setilaiti haikujui, kama vile mtangazaji wa redio asivyojua nani amemfungulia jikoni asubuhi.

Vifaa vya zamani huonyesha jambo hili waziwazi kuliko simu za leo. Katikati ya miaka ya 2000, watu waliunganisha Nokia zao na kifaa kidogo cha GPS kwa Bluetooth. Kifaa hicho kilimwaga maandishi matupu sekunde baada ya sekunde, na ndani yake ungekuta kitu kama hiki:

0117.2000,S,03649.0000,E

Anayeanza huona hapo nyuzi 117 na kushangaa. La hasha. Tarakimu mbili za kwanza ni nyuzi, yaani 1, na 17.2 inayofuata ni dakika. Gawa dakika kwa 60, uongeze nyuzi, upate 1.28667 kusini. Longitudo huanza na tarakimu tatu za nyuzi, kwa hivyo ni 36 na dakika 49, sawa na 36.81667 mashariki. Hapo uko katikati ya Nairobi. Programu ya Python ya mistari mitano inatosha kufanya hesabu hiyo.

Na usishtuke kifaa kama hicho kikikwambia tuko miaka karibu 20 nyuma. Mfumo wa zamani wa GPS huhesabu wiki hadi 1,023 kisha hurudi sufuri. Ulirudi sufuri Aprili 6, 2019, na vifaa vingi vikongwe vikapoteza wiki 1,024. Mahali vinakupa sawa, ila tarehe imepotea.

Busta ndiyo inayokujua

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Nokia ilitengeneza Python kwa ajili ya simu zake za S60, na mnamo 2006 ikaufungua msimbo wake kwa kila mtu. Nokia 6600 na N70 hazikuwa na GPS ndani. Hata hivyo, mistari miwili ilitosha:

import location
print location.gsm_location()

Jibu lilikuwa nambari nne. Ya kwanza ni nchi, na Kenya ni 639. Ya pili ni mtandao: 2 ni Safaricom, 3 ni Airtel. Ya tatu ni eneo, na ya nne ni seli ya mlingoti unaokuhudumia, ile busta tunayoiona juu ya kilima. Hakuna GPS. Hakuna bando. Hakuna apu.

Simu ilizipata wapi? Kwa mtandao wenyewe. Fikiria mtu yuko Kisumu anakupigia, nawe uko Voi. Mtandao utajuaje upeleke simu hiyo Voi na si Garissa? Ni lazima uwe umeshaweka rekodi ya upande uliko. Ndiyo maana simu hujitambulisha kwa milingoti hata ikiwa mfukoni. Katika GSM mambo huenda mbali zaidi. Unapozungumza, mtandao hukadiria umbali wako kutoka kwenye mlingoti kwa hatua za takriban mita 550, hadi kilomita 35. Mulika mwizi ya nyanya yako kijijini inafanya hivyo hivyo.

Nambari hizo unaweza kuzitafuta katika hifadhi huria kama OpenCelliD, ambako watu wa kujitolea wameorodhesha milingoti na mahali ilipo. Mozilla nayo ilikuwa na huduma kama hiyo, lakini iliifunga 2024. Mjini, ambako milingoti imesongamana, utapata makadirio ya karibu. Kwenye maeneo mapana kama Turkana, mlingoti mmoja unaweza kufunika eneo kubwa sana.

Kwa hivyo, ukizima lokesheni kwenye simu yako, umezifungia apu mlango. Mlingoti hujaufungia. Huo utakujua mradi laini yako iko hewani.

Jaribu mwenyewe

Ikiwa huna Nokia ya kale, tafuta Android ya miaka kadhaa iliyopita, ya toleo la 7 kwenda juu. Pakua Termux na Termux:API, zote mbili kutoka F-Droid, kisha andika:

pkg install python termux-api

Baada ya hapo, weka hii kwenye faili ya Python na uiendeshe:

import subprocess, json
jibu = subprocess.check_output(["termux-location", "-p", "gps"])
mahali = json.loads(jibu)
print(mahali["latitude"], mahali["longitude"], mahali["accuracy"])

Toka nje penye anga wazi na uwe mvumilivu, kwa sababu simu isiyo na intaneti inaweza kuchukua dakika kadhaa kuzipata setilaiti. Nambari ya tatu ni usahihi kwa mita. Sasa rudi ndani, badilisha neno gps liwe network, uendeshe tena ukiwa na intaneti. Jibu litakuja upesi, lakini angalia jinsi mita zinavyoongezeka. Jibu hilo hutokana na Wi-Fi na milingoti iliyo karibu nawe, na kwa kawaida orodha hiyo hutumwa kwa Google ili itafsiriwe kuwa mahali. GPS ilisikiliza tu, ila hii imeuliza mtu. Ni neno moja tu ulilobadilisha.

Jambo lingine: kabla ya Android 6, iliyotoka 2015, apu ilipewa ruhusa zote siku ya kuwekwa, basi. Swali la "unaruhusu lokesheni?" halikuwepo. Na simu kuukuu haipati tena marekebisho ya usalama. Kwa hivyo ni darasa zuri lakini mlinzi mbaya. Itoe laini, usiweke M-Pesa wala barua pepe yako humo, na ujifunze kwa raha. GPS haihitaji laini.

Daftari liko mikononi mwa nani?

Mnamo 2009, vijana wa Kibera walizunguka mtaani mwao na vifaa vya GPS na kuanzisha mradi wa Map Kibera. Kabla ya hapo, mojawapo ya mitaa yenye watu wengi zaidi Nairobi ilikuwa kama pengo tupu kwenye ramani. Miaka michache baadaye, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu zao na kurekodi njia na vituo. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa ramani ya Digital Matatus mnamo 2014, yenye njia zaidi ya 130, kwa ushirikiano na vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia.

Teknolojia ni ile ile inayotutia hofu leo. Tofauti ni nani ameshika daftari. Kibera, waliorekodi ndio waliorekodiwa, na walijua kwa nini. Rekodi ya milingoti uliyopitia wiki hii, hukuiandika wewe na hujawahi kuiona.

Sheria iko upande wako, angalau nusu njia. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataja data za mahali miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, na kifungu chake cha 26 kinakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje na ya kuiona. Si sheria ya maonyesho. Septemba 2023, Kamishna wa Data alitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Sh2,975,000, na klabu moja ya burudani Nairobi Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake.

Nusu ya pili ndiyo yenye pengo. Sheria hiyo hiyo inaachia mwanya masuala ya usalama wa taifa. Kwa hivyo kupigia kelele GPS ni kupoteza pumzi. Dai lenye uzito ni hili: kila kampuni ya simu itangaze kila mwaka imepokea amri ngapi za korti za kutoa data za mahali, imetii ngapi, na ni idara gani zilizoziomba. Hakuna siri ya usalama inayofichuka kwa kutaja idadi.

Kabla hatujaidai serikali, nasi tujikague. Ukiweka programu hii kwenye simu ya mpenzi wako bila yeye kujua, huo si wivu, ni kosa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 inatoza hadi Sh5 milioni, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini. Na ukitengeneza apu ya wateja wa bodaboda au ya mama mboga, usihifadhi zaidi ya unachohitaji. Hapa kwetu karibu na ikweta, nyuzi moja ni kama kilomita 111. Ukibakiza tarakimu tano baada ya nukta, umemwonyesha mteja hadi mlango wake, kwa mita moja hivi. Ukibakiza mbili, umeonyesha mtaa tu, kwa kilomita moja hivi. Katika Python hiyo ni round(latitudo, 2).

Wikendi hii, ichaji simu hiyo. Andika matokeo yako kwenye karatasi: GPS imesema nini, network imesema nini, tofauti ni mita ngapi. Kisha mwandikie mtoa huduma wako barua pepe, utaje kifungu cha 26, na umwombe rekodi ya milingoti iliyohudumia laini yako mwezi uliopita. Akijibu, utakuwa umeona daftari lenyewe. Asipojibu, peleka malalamiko yako kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, ukiwa na tarehe ya barua yako mkononi.