Nani Kasema Ukuta wa Majani ni wa Matajiri?

Ukitaka kuchekwa Dar es Salaam, sema unataka kuotesha majani ukutani. Utaulizwa umenunua hoteli lini.

Najua kicheko hicho kinakotoka. Ukuta wa kijani tumeuona pichani tu: minara miwili ya Bosco Verticale kule Milan, iliyokamilika 2014, au ule wa mtaalamu wa mimea Patrick Blanc kwenye makumbusho ya Quai Branly, Paris, wenye mita za mraba 800 hivi. Vyuma, pampu, mabomba ya matone, mafundi wa kupogoa wakining'inia kwa kamba. Hayo ni ya wenye nazo, sibishi, na hata wao huwashinda. Kituo kimoja cha watoto huko Islington, London, kiliotesha ukuta wa namna hiyo 2006. Kufikia 2009 ulikuwa umekauka.

Lakini pasheni haihitaji pampu. Inahitaji shimo ardhini, waya uliokazwa kwenye nguzo kiganja kimoja kutoka ukutani, na maji uliyosuuzia mboga. Baada ya mwaka unakula matunda, na la maana zaidi, unalala.

Nasema unalala kwa sababu nimepanga chumba chenye ukuta wa magharibi. Jua huupiga tangu saa nane mchana mpaka linazama. Tofali la saruji hulinywa joto hilo taratibu, kisha usiku hulirudisha ndani, kwako. Saa nne za usiku ukiweka mkono ukutani utadhani kuna jiko upande wa pili. Majani hulizuia jua kabla halijafika tofalini, na maji yanayovukizwa na majani hayo hupoza hewa iliyo karibu. Feni haifanyi hivyo. Inazungusha joto lilelile huku umeme wa Luku ukiteketea. Kiyoyozi ndiyo kabisa: hakimalizi joto, kinalitupa nje, kwa jirani aliye chini ya bati. Sasa nani hasa anayeuhitaji ukuta wa majani, mwenye kiyoyozi au huyo jirani?

Mwenye nyumba wangu alifyeka pasheni yangu kwa hoja tatu: nyoka, mbu, nyufa. Nyoka hufuata panya, na panya wetu walishibia jalala lake la uani. Mbu hujificha majanini, kweli, ila huzaliana kwenye maji yaliyotuama, na pipa lake halikuwa na mfuniko. Nyufa huletwa na mizizi ya miti kama mikuyu, si na mmea unaotambaa kwenye waya. Akaweka vigae. Vinameta sana.

Atakayesema kijani ni anasa ya macho, amsome mtafiti Roger Ulrich. Mwaka 1984, katika jarida la Science, alilinganisha wagonjwa waliopasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala kwenye vyumba vinavyotazama miti walitoka mapema zaidi na walitumia dawa kali chache za maumivu kuliko wenzao. Hao wenzao dirisha lao lilitazama nini? Ukuta wa matofali.

Mwenye nyumba, kabla hujampigia simu fundi wa vigae, nenda saa kumi na moja jioni kwenye ukuta wako wa magharibi. Uguse.