Mizuka ya Salem, Wanga wa Muhoroni

Ifikapo mwisho wa mwezi wa Oktoba, miji mingi midogo ya Marekani huandaa mbio za nusu marathoni, yaani kilometa 21 na mita 97 na ushei, ambazo mkimbiaji haji na kaptura na fulana peke yake. Huja amejipaka masizi, amejifunga sanda, amejichora mifupa ya maiti, au amevaa joho jeusi na kofia ndefu ya mchawi. Hukimbia hivyo hivyo, wake kwa waume, na watoto kando ya barabara wakiwapigia makofi. Ndiyo Halloween hiyo, mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote ya Wakristo, sikukuu ambayo watu wa Ireland na Scotland walivuka nayo bahari, wakafika Marekani wakalikuta boga, wakalitoboa macho na kulitia taa ndani.

Desturi hiyo imekwisha piga hodi kwetu. Nairobi tayari kuna vijana ambao usiku wa tarehe 31 hawaendi dansini ila wamevaa vinyago. Haitakawia mtu atazuka na shauri la kuandaa mbio za namna hiyo, na huenda akachagua mji kama Muhoroni.

Wala hatusemi kwamba kila lijalo na jahazi la mgeni ni baya. Jamaa zetu walioko Muscat wanajua kuwa usiku wa kuamkia nusu ya Ramadhani watoto wa Oman huzunguka nyumba kwa nyumba wakiimba na kupewa peremende na karanga, nao huuita usiku huo Qaranqasho. Mtoto wa Kimarekani agongaye mlango siku ya Halloween akitaka peremende hana tofauti kubwa na huyo. Upande wa dini, masheikh wapo na mimbari zao, na ukurasa huu wa utamaduni hautoi fatwa. Kijana wa Kiislamu anayetaka kukimbia kilometa 21 na akimbie, ni afya ya mwili wake. Letu sisi ni hicho kinyago.

Muhoroni ni mji wa miwa na sukari katika Kaunti ya Kisumu, juu ya reli ile iliyofika ziwani mwaka 1901. Ukisimama hapo ukatazama kaskazini waona ukuta wa milima ya Nandi: kwao Kipchoge Keino, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 Mexico mwaka 1968, kwao Henry Rono, aliyevunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81 mwaka 1978, kwao Eliud Kipchoge. Kama kuna mahali ambapo mbio hazina haja ya kupakwa rangi ndipo watu waje kutazama, basi ni hapo.

Lakini bonde hilo lina mbio nyingine, za kale kuliko marathoni. Wajaluo wana mtu wamwitaye jajuok. Yasimuliwa kwamba hutoka usiku wa manane uchi wa mnyama, akakimbia boma hadi boma, akarusha mchanga na mawe juu ya mabati, akagonga mlango kwa makalio, akalia kama mnyama wa porini, kisha akatokomea gizani. Hasemwi kuwa muuaji. Husemwa kwamba jambo hilo limo katika ukoo wake, na kwamba asipokimbia huugua. Wengi huyasimulia hayo kwa kicheko, kwani kila kijiji kina kisa chake cha mzee fulani aliyekutwa na umande miguuni kabla ya alfajiri. Msomaji wa Pwani hana haja ya kufasiriwa. Huyu ni mwanga, na kazi yake ni kuwanga; wa kwetu husifika kwa ngoma za usiku, wa kwao kwa mbio.

Basi mtu akipita kwenye miwa ya Muhoroni kabla ya jua kuchomoza, uso umejaa masizi na sanda yapepea, mama aliye ndani ya nyumba haoni Halloween. Amwona jajuok. Na wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Usaha wenyewe tumekwisha uona. Mwezi wa Mei mwaka 2008, huko Kisii, kusini ya bonde hilo, watu 11, wengi wao vikongwe, walichomwa moto hadi kufa na majirani zao kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii hiyo hiyo, wanawake wazee 4 waliuawa kwa tuhuma kama hizo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilikwisha lifanya kosa kumtuhumu mtu uchawi ovyo, na haikuwaokoa.

Na tusiwanyoshee watu wa bara kidole. Unguja mwaka 1995, wakati wa hofu ya popobawa, umati ulimwua mtu mgonjwa wa akili kwa kumdhania ndiye. Kilifi kwetu mvi zimegeuka hatia. Mzee huitwa mchawi, na mara nyingi ukichunguza wakuta pana shamba ambalo wanawe au jamaa zake walitaka liuzwe naye akakataa. Wako waliokimbia nyumba walizozijenga kwa mikono yao wakapate hifadhi Kaya Godoma, Ganze. Mtu aliyezaa na kulea, leo analala ugenini kwa sababu nywele zake zimekuwa nyeupe na macho yake mekundu kwa moshi wa kuni.

Wenye kutetea Halloween hutuambia ni mchezo tu, mbona Wamarekani hawadhuriki? Jibu liko Salem, mji mdogo wa Massachusetts. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa hapo kwa uchawi, na mzee mmoja, Giles Corey, akakandamizwa kwa mawe hata roho ikamtoka. Leo Salem hufurika wageni kila Oktoba, kofia za wachawi zikiuzwa kila duka. Lakini ukumbusho wa mawe wa hao waliouawa ulizinduliwa mwaka 1992, na wa mwisho kati ya waliohukumiwa, Elizabeth Johnson, hakusafishwa jina lake na bunge la jimbo hadi mwaka 2022. Wao waliacha kuua kwanza, wakakiri, ndipo wakacheka. Hata hivyo sisi kicheko hicho hakitupendezi sana, maana kofia ile yauzwa kwa jina la watu ambao serikali yenyewe imekiri hawakuwa wachawi. Kwetu majivu bado ni ya moto.

Liko na la joto. Mombasa inakumbuka tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipokimbiwa kwenye uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele mwenyewe, bingwa wa mabingwa, alishindwa na joto na unyevu akaacha katika mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Hao walivaa nguo nyepesi kama hewa. Atakayekimbia bonde la Muhoroni ndani ya sanda na kinyago cha mpira atahitaji gari la wagonjwa nyuma yake.

Twaona mbio za Muhoroni ziandaliwe, na ziitwe kwa jina la Muhoroni. Wakimbiaji wa Nandi washuke, wa ziwani wapande, na vijana wetu wa Mombasa na Malindi wapande basi waende wakajipime nao. Mbio za Lewa zinazokimbiwa tangu mwaka 2000 huchangisha fedha za kulinda wanyama wa porini. Hizi zichangie kulinda vikongwe, wa Kisii na wa Ganze. Zianze asubuhi jua likiwa limetoka, nyuso wazi, kabla matrekta ya miwa hayajajaa barabarani.