Kamu mbili, saa moja

Wadau, leo naweka programu kando kidogo. Mwaka 2028, kule Los Angeles, upinde wa kompaundi utaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Sasa vijana wa Diani na Msambweni wakiniuliza wanunue upi, jibu langu ni moja: kwanza jifunzeni kuulinganisha.

Upinde huu, aliouvumbua Holless Wilbur Allen wa Marekani miaka ya 1960, una magurudumu yasiyo duara kamili, yaani kamu. Ukivuta paundi 60 kwa punguzo la asilimia 80, mwishoni unashikilia 12 tu. Raha, sivyo? Lakini kamu mbili ni kama seva mbili: saa zikipishana, mambo yanaharibika. Moja ikifika kikomo kabla ya mwenzake, mshale hutoka ukiyumba, nawe unalaumu mkono wako bure.

Dawa yake? Uvute taratibu kwenye ubao wa kuvutia, utazame kama vikomo vinagusa pamoja. Kama sivyo, uweke kwenye mashine ya kuubana, zungusha kebo nusu mzunguko, pima tena, andika. Badili kitu kimoja kwa wakati, kama tunavyosaka hitilafu za programu. Na usiuachie kamwe bila mshale!

Maoni yangu: klabu yenye ubao na mashine hiyo ni bora kuliko pinde kumi zisizolinganishwa. Na shabaha iwe ya karatasi. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo palahala wa Shimba Hills waacheni wale majani yao.