Albamu Iliyohukumiwa Mara Mbili



Wiki hii kijana mmoja wa kwaya alinijia akiwa amenyong'onyea. Albamu waliyoirekodi kwa fedha za alizeti, mavuno ya msimu mzima, imekosa wanunuzi hapa Singida, na mzee mmoja amewaambia mbele za watu kwamba ni kelele tupu. "Baba Paroko, tuache?" aliniuliza. Sikumjibu papo hapo. Niliikumbuka albamu ya watu walio mbali nasi kwa kila hali isipokuwa moja: mwimbaji wao alizaliwa Zanzibar.

Farrokh Bulsara alizaliwa huko tarehe 5 Septemba 1946. Familia yake ilihamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964, naye akajulikana ulimwenguni kwa jina la Freddie Mercury. Mnamo Novemba 1978 bendi yake, Queen, ilitoa albamu iitwayo Jazz ambayo, licha ya jina hilo, ni ya roki nzito. Sokoni ilipokewa vyema: ilifika nafasi ya 2 Uingereza na ya 6 Marekani. Lakini mhakiki Dave Marsh, katika jarida la Rolling Stone, aliishambulia bila huruma, hata akaihusisha bendi hiyo na ufashisti, kwa kuwa alisikia ndani ya muziki wao majivuno ya watu wanaojiona bora kuliko wasikilizaji wao.

Neno hilo lilikuwa zito mno. Ufashisti ulijaza makaburi Ulaya, na hata jirani zetu wa Ethiopia waliuonja. Majivuno ya mwanamuziki hayafikii huko. Hata hivyo siwezi kumtupa mhakiki huyo mzima mzima. Albamu hiyo ilitolewa pamoja na bango la wanawake uchi juu ya baiskeli, na mauzo mazuri hayakulipa bango hilo heshima yoyote. Soko hujibu swali moja tu, kama watu wamenunua.

Na hata hilo hulijibu kwa pupa. Wimbo "Don't Stop Me Now", wa albamu hiyohiyo, ulipotolewa peke yake mwaka 1979 ulifika nafasi ya 9 Uingereza. Marekani uliishia ya 86. Leo ni miongoni mwa nyimbo za Queen zinazopendwa zaidi, na unaimbwa na vijana waliozaliwa baada ya Mercury kufariki mwaka 1991. (Wimbo unaoifungua albamu unaitwa "Mustapha". Mtu wa pwani akiusikia atageuza shingo.)

Jana niliisikiliza albamu ya vijana wetu, mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Yule mzee hakukosea kabisa: ngoma imeifunika sauti ya tatu, na kinanda kinakimbia. Lakini wimbo wa nne ni mzuri kweli. Nimemwambia kijana yote mawili. Jumamosi saa kumi jioni wanarudi mazoezini, na mzee yule nimemwomba aje akae kiti cha mbele.